Kila Septemba namlilia mpiga kinanda ambaye sikupata kumwona

"Assalamu alaykum. Mimi ni mwanamme wa miaka 54, naishi Wete, Pemba. Marehemu kaka yangu alikuwa baharia, na kila akija likizo alikuwa akiniletea kaseti za muziki wa roki. Nilishikwa na bendi ya Kiingereza ya Pink Floyd, na ndani ya Pink Floyd nikashikwa na kinanda cha Richard Wright. Kwa kumsikiliza yeye nilijifunza kinanda, nikapiga katika kikundi cha taarab ya kisasa kwa miaka kumi na mbili. Wright alipofariki Septemba 2008 nililia kama mtoto, na mpaka leo mwezi huo ukiingia siko sawa: silali vizuri, sitaki maneno. Mke wangu hunambia, 'Unamlilia mzungu asiyekujua.' Linaloniumiza zaidi ni namna mwenziwe, Roger Waters, alivyomfukuza kwenye bendi. Naamini yale machungu ndiyo yaliyomuua. Siku hizi hata nyimbo zenyewe nashindwa kuzimaliza. Labda niseme na hili: mimi nilitoka kwenye kikundi chetu mwaka 2011 kwa kugombana na mtunzi wetu juu ya wimbo ambao muziki wake nusu ni wangu, na jina lililoandikwa ni lake peke yake. Tunaonana msikitini, hatusemezani. Je, nina maradhi? Na kwa nini watu wanaopiga pamoja vile huchukiana hivi?"

Wa alaykum salaam, kaka. Huna maradhi. Nalitanguliza hilo ili yaliyobaki uyasome umetulia. Ulichonacho ni msiba usiokuwa na tanga, na ugomvi usiokuwa na msuluhishi, na viwili hivyo vimekaa chumba kimoja miaka mingi hata wewe mwenyewe huvitofautishi tena.

Nianze na msiba. Kwetu mtu akifariki, huzuni imetengenezewa njia yake. Mkeka unatandikwa, majirani wanapika, watu wanakuja kukupa mkono, khitma inasomwa, na siku ya tatu tanga linaondoshwa. Hata yule asiyejua la kusema huja akakaa kimya pembeni yako, na kule kukaa kwake kunakwambia kwamba ulichopoteza ni kitu. Wright alifariki Uingereza tarehe 15 Septemba 2008, akiwa na miaka 65. Wewe uko Wete. Nani angekuja kukupa mkono? Ulilia peke yako, na uliyemtegemea akusikie alicheka. Huzuni ambayo hakuna mtu aliyeishuhudia haiondoki na siku ya tatu. Hujificha, halafu hurudi kwa tarehe, na ndiyo maana wewe inakujia kwa kalenda. Naiona sana kazini kwangu: kwa mama aliyeharibikiwa na mimba changa, kwa mtu aliyefiwa na mpenzi ambaye familia haikumtambua, kwa mvuvi aliyepoteza mwenzake wa ngarawa ambaye si jamaa yake. Wote hawa walinyimwa tanga. (Kama ndani ya huzuni yako mna swali la dini kuhusu mtu asiyekuwa Muislamu, hilo mpelekee sheikh unayemwamini. Mimi ni mnasihi, si mahali pake.)

Mkeo anasema hakukujua. Kweli, hakukujua. Lakini wewe ulimjua kwa njia ambayo wengi hawamjui hata jirani yao. Muziki unaousikia tangu mwisho wa utoto mpaka miaka ya ishirini hushika kwenye kumbukumbu kuliko wa umri mwingine wowote. Watafiti wa kumbukumbu wameliona hili mara nyingi: mtu mzima akiombwa akumbuke maisha yake, yanayomjia kwa wingi na kwa uwazi ni ya umri ule. Wewe tena hukusikiliza tu. Ulimfuata kwa vidole. Ulibonyeza pale alipobonyeza, ukasubiri pale aliposubiri. Mtu unayeuiga mkono wake kwa miaka huingia mwilini mwako, ukawa unapiga "kama yeye" hata unapomsindikizia bibi harusi. Alipofariki yeye, ulifiwa na mwalimu.

Halafu kuna neno moja uliloliandika ukapita nalo mbio: "marehemu kaka yangu". Hukunambia alifariki lini wala wapi. Sisi wanasihi tuna tabia mbaya ya kumwambia mtu, "Kumbe humlilii huyu, unamlilia yule." Sitakwambia hivyo, kwa sababu si kweli. Unamlilia Wright, na unamlilia kaka yako, na sauti ya kinanda kile ndiyo mahali ambapo bado wamekaa pamoja. Nakuuliza tu: kaka yako alipofariki, ulipata kukaa kwenye mkeka ukalia, au ulikuwa ndiye mwenye kuhangaikia maji na chakula cha wageni? Jibu lako litanieleza mengi kuliko barua nzima.

Sasa tuje kwenye hasira. Kwanza nikutoe kwenye imani moja inayokutesa bure. Ugomvi haukumuua Richard Wright. Alifariki kwa saratani. Machungu ya moyo huweza kumkosesha mtu usingizi, yakampandisha presha, yakamfanya asijitunze, hilo sikatai. Lakini kati ya kufukuzwa kwake na kifo chake ipo karibu miaka thelathini, na miaka hiyo hakuipitisha akiwa amekunjamana kwenye kona.

Alitolewa mwaka 1979, wakati albamu ya The Wall inarekodiwa. Bendi ilikuwa imepoteza fedha nyingi kwenye uwekezaji mbaya na ilikuwa ikikimbizana na muda. Waters alitaka warekodi upesi, Wright hakukubali kuikatisha likizo yake ya kiangazi na familia, na ndoa yake wakati ule ilikuwa inavunjika. Waters aliona mwenziwe haleti chochote studio, akatishia kuizuia albamu asipoondoka. Wright akakubali kutoka, kisha akapiga kwenye maonyesho ya 1980 na 1981 kama mpigaji wa kulipwa. Maonyesho yale yalikuwa na gharama kubwa hata yakala hasara. Hasara waliibeba wale watatu wenye bendi, na aliyetoka na pesa mkononi ni yule aliyefukuzwa. Waters mwenyewe akaondoka mwaka 1985, wakaburuzana na wenzake juu ya nani mwenye haki ya jina, wakaafikiana mwishoni mwa 1987. Wright alirudi mwaka huohuo, kwanza kwa mshahara, na kwenye albamu ya 1994 jina lake likaonekana tena miongoni mwa wanabendi na miongoni mwa watunzi. Tarehe 2 Julai 2005 wote wanne walisimama jukwaa moja Hyde Park, London, kwenye tamasha la Live 8. Mwaka uliofuata alizunguka na David Gilmour, mpiga gitaa wa bendi, akipiga vizuri kama alivyowahi kupiga.

Sikuelezi haya ili nimtetee Waters. Kumtoa mtu aliyeanzisha bendi pamoja nawe, katika kipindi ambacho nyumba yake inabomoka, ni jambo zito na naliona ni dhulma. Nakueleza kwa sababu wewe umekaa kwenye ugomvi wao kwa muda mrefu kuliko wao wenyewe walivyokaa. Wazee walisema, ndugu wakigombana shika jembe ukalime, wakipatana chukua kapu ukavune. Wenyewe walikwisha kuvuna. Wright alipofariki, Waters alisema hadharani kwamba amesikitika, na kwamba anashukuru kuipata ile nafasi ya Live 8 kuwa naye mara ya mwisho. Wewe uko shambani bado na jembe, unalima kiwanja cha watu.

Kwa nini, basi, watu wanaopiga pamoja vile huchukiana hivi? Hapa nitakaa kidogo, maana nimepiga fidla kwenye taarab tangu nikiwa msichana na swali hili nimeliishi.

Fikiria usiku wa harusi. Muimbaji anaimba, wanawake wanainuka kwenda kumtunza, noti zinaingia mkononi mwake. Nani kati ya wale wanawake anajua kwamba sauti ile imepata pa kukaa kwa sababu mpiga kinanda ameshika chodi chini yake tangu beti la kwanza? Hakuna, na si kosa lao. Kazi ya kinanda ikifanywa vizuri haionekani. Inaonekana siku ambayo mpigaji hayupo. Mwanzo wa wimbo wa "Echoes" wa mwaka 1971 unaujua wewe kuliko mimi: nota moja ya piano, imepitishwa kwenye spika inayozunguka, inadondoka kama tone la maji kwenye mtungi. Nota moja! Ukiitoa, wimbo wa dakika ishirini na tatu hauna mlango.

Sasa andika karatasi ya malipo. Kwa desturi ya biashara ya muziki, fungu la mtunzi humwendea aliyeandika maneno na aliyetia lahani. Aliyeupa wimbo mlango wake, aliyeubadilisha mwendo wake kwenye mazoezi, aliyesema "tusubiri kidogo kabla ya kuingia", mara nyingi hana mstari kwenye karatasi ile. Mwaka wa kwanza hakuna anayejali, kwa sababu hakuna pesa. Pesa zikija, kila mmoja anakumbuka yale mazoezi kwa namna yake, na kwa uaminifu kabisa. Kumbukumbu humwonyesha mtu jasho lake mwenyewe kwa ukubwa wake, na la mwenzake kwa mbali. Hakuna anayesema uongo, na hapo ndipo ugumu ulipo. Ndoa zinavunjika hivi, urithi wa mashamba ya mikarafuu unagombaniwa hivi.

Bendi ya Queen walilijua hilo. Mwenzao aliyezaliwa hapa kwetu Mji Mkongwe mwaka 1946, Freddie Mercury, aliandika "Bohemian Rhapsody", na upande wa pili wa sahani hiyo ya santuri ukawekwa wimbo wa mpiga ngoma wao, Roger Taylor. Kila sahani ikiuzwa, mtunzi wa upande wa pili alipata sawasawa na mtunzi wa wimbo ambao ndio watu walioununua. Jambo hilo lilileta manung'uniko ya miaka. Mwaka 1989, kwenye albamu ya The Miracle, wakaamua kila wimbo uandikwe kwa jina la bendi nzima. Nalisifu sana uamuzi huo, ingawa sidhani kwamba ni dawa ya kila ugonjwa. Bendi ya Kimarekani ya The Doors waligawana sawa kwa wanne tangu mwanzo, na bado mpiga ngoma, John Densmore, alimpeleka mahakamani mpiga kinanda Ray Manzarek juu ya matumizi ya jina la bendi. Kugawana pesa hupunguza ugomvi, lakini heshima ina hesabu yake peke yake.

Na kimya ndicho kinachomaliza kazi. Wapiga vinanda wengi ninaowajua ni watu wa tabia ya pole. Wanasikiliza kuliko kusema. Ndiyo sababu wanapiga vizuri. Lakini mtu wa aina hiyo akidhulumiwa Jumatatu husema "si kitu", Jumanne "si kitu", na siku moja ya mwaka wa kumi na mbili anaondoka na kinanda chake begani, na wenzake wanashangaa kweli, wanauliza, "Kwani tumemfanyia nini?" Nahisi, kaka, ndivyo ulivyotoka wewe mwaka 2011. Nisahihishe kama nimekosea.

Lipo jambo jingine, na nakuomba ulipokee vizuri. Kwenye The Dark Side of the Moon ya mwaka 1973 kuna ule wimbo wa Wright wenye sauti ya mwanamke anayelia bila maneno, "The Great Gig in the Sky". Mwanamke yule ni Clare Torry. Aliitwa studio, akaimba alichokitunga papo hapo mdomoni mwake, akalipwa pauni 30, akaenda zake. Kwa zaidi ya miaka thelathini mtunzi aliyeandikwa ni Richard Wright peke yake. Torry alidai mwaka 2004, wakaafikiana nje ya mahakama mwaka 2005, na tangu hapo jina lake liko pembeni ya la Wright. Mtu yuleyule ambaye jasho lake lilisahauliwa na wenzake, jina lake lilisimama peke yake juu ya jasho la mwengine. Simlaumu, karatasi ziliandikwa hivyo zama zile. Nakuletea hili kwa sababu wewe unamwona Wright ameonewa tu, na Waters ameonea tu, na nahisi ndivyo unavyojiona wewe na mtunzi wenu. Kaa chini uzikumbuke nyimbo zenu zile. Yule kijana wa dumbak, yule dada wa kuitikia, hakuna hata mmoja aliyetia kitu ambacho nawe hukukitaja?

Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Gilmour alisema mwenziwe alipofariki kwamba, katika mabishano ya nani hasa ndiye Pink Floyd, mchango mkubwa wa Wright ulisahauliwa mara nyingi. Nadhani ni maneno ya haki. Yalisemwa marehemu akiwa hayasikii. Mtunzi wenu yu hai, nawe u hai, na mnasali safu moja.

Sasa ufanye nini? Unayo haki ya kuliacha lilivyo. Nasema kwa dhati. Wapo watu ambao kuwarudia ni kujipeleka kuumizwa, na wewe ndiye unayemjua mtunzi wenu. Ikiwa alikutukana mbele ya watu na angefanya hivyo tena leo, salamu ya msikitini inatosha. Lakini salamu itoe, kwa ajili yako.

Ukitaka haki ya wimbo, hiyo ina mlango wake. Zanzibar tunayo sheria ya hakimiliki ya mwaka 2003 na tunayo taasisi ya COSOZA inayosimamia mambo hayo. Kabla ya kwenda, tafuta rekodi ya zamani kuliko zote unayoweza kuipata, na wenzako wawili watatu waliokuwepo kwenye mazoezi na wako tayari kueleza nani alitia nini. Ujue pia kwamba baada ya miaka mingi huenda ukatumia nauli na nguvu nyingi kuliko utakachopata.

Ukitaka kusemezana tena na mwenzio, hilo ni jambo la tatu, na kosa kubwa ninaloliona ni watu kulichanganya na la pili. Usiende siku moja na machozi na madai. Mtangulize mtu mzima wa kikundi ambaye nyote mnamheshimu. Msiende siku ya harusi wala msiba. Nendeni baada ya laasiri siku ya kawaida, mkae barazani, kahawa inywewe kwanza. Kisha anza na kile anachostahili yeye: "Maneno ya wimbo ule ni yako na hakuna mwengine angeyaandika." Baada ya hapo sema lako, kwa sentensi moja: "Kile kipande cha mwanzo ni changu, na iliniuma kutotajwa." Halafu nyamaza. Huenda akakiri, huenda akasema alisahau, huenda akakasirika. Usimjibu siku hiyo.

Na usitarajie mrudi kuwa kama zamani. Live 8 ilikuwa usiku mmoja. Walipiga, wakakumbatiana, kila mtu akarudi kwake, na wale wanne hawakupiga pamoja tena. Watu wengi huuona usiku ule kama ahadi iliyovunjwa. Mimi nauona umetosha. Densmore naye, aliposikia Manzarek ni mgonjwa, alimpigia simu, wakazungumza. Manzarek akafariki Mei 2013. Ile simu haikufuta kesi, lakini ilipigwa.

Kuhusu Septemba, usiisubiri ikukute. Mwaka huu khitma ya kaka yako isomwe mwezi huo, nyumbani kwako, nawe ukae mkekani kama mfiwa, wengine wahangaike na wageni. Usiku wake mkalishe mkeo, umwambie kaseti zile zilivyoingia nyumbani, kaka yako alikuja na meli gani, alikuwa amevaa nini, alikwambia nini alipokupa. Mwanamke yule anacheka kwa sababu umemwonyesha mzungu tu. Wimbo uchezeni mmoja, hadi mwisho.

Barua haitoshi ikiwa usingizi umekatika zaidi ya wiki mbili mfululizo, ikiwa unaacha chakula, kazi au sala, ikiwa umeanza kutegemea vidonge au kileo ili ulale, au ikiwa presha inapanda. Hapo nenda hospitali ya hapo Wete au ya Chake Chake, umwambie daktari wazi kwamba ni huzuni na usingizi, akupeleke kwa wahudumu wa afya ya akili. Ukiwa Unguja, ipo hospitali ya afya ya akili ya Kidongo Chekundu. Wala usiogope jina la mahali. Na ikikujia fikra ya kujidhuru, au kwamba heri usiwepo, usingoje kuche: mwamshe mkeo, mwende usiku huohuo.

La mwisho ni la kaseti zenyewe. Hewa ya Pemba ina unyevu, na utepe wa miaka arobaini huota ukungu na hukatika. Usizicheze kabla ya kumpata fundi mwenye kuzisafisha na kuzitolea nakala. Muombe arekodi pande zote mbili bila kuruka kitu, hata pale palipo kimya. Huenda kaka yako, kama baadhi ya watu wa zama zile, alijirekodi akitoa salamu mwishoni mwa kaseti, pale muziki unapokwisha na utepe bado upo.